Tupeane uzoefu: kuomba utarajali wa uhariri kwenye kampuni za vitabu vya shule ukiwa Dodoma

Zabibu Kavu (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Kila ikifika miezi ya fild (mafunzo kwa vitendo) nawaona wadogo zetu wa vyuo vikuu vya UDOM na St. John's wakizunguka mjini na barua za utambulisho, wote wanaelekea halmashauri, benki au shule. Waliosoma Kiswahili, Kiingereza au Elimu ni wachache mno wanaofikiria kampuni za vitabu vya shule. Mimi nilipita huko baada ya kumaliza chuo, kwa hiyo natoa yangu kisha nanyi mmwage yenu. Waliokosa nao waseme, maana hao ndio wenye mengi.

Kabla hujaandika barua, jua unamwandikia nani. Tangu 2013 kazi ya kuandaa vitabu vya kiada iko kwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kampuni binafsi riziki yao kubwa ni vitabu vya ziada: hadithi za watoto, mazoezi, kamusi, vitabu vya rejea. Ukimwandikia mtu anayeishi kwa hadithi za darasa la tatu kwamba unatamani kuhariri kitabu cha kiada cha Jiografia kidato cha pili, ameshajua hukumtafuta yeye. Wengi wako Dar. Hapa mjini tuna Central Tanganyika Press ya Waanglikana, ila hao wanafahamika zaidi kwa vitabu vya dini.

Tangazo mimi sikuliona popote. Wala msizisubiri nafasi hizi Ajira Portal, kule ni ajira za serikali. Nilichofanya ni kuingia duka la vitabu na kufungua ule ukurasa wa mwanzoni wenye jina la mchapishaji, anwani na ISBN, nikanakili. Mwenye duka alinitazama kama mwizi. Barua nikaielekeza kwa Mhariri Mkuu, ukurasa mmoja tu. Badala ya kubandika vyeti vyote tangu darasa la saba, niliambatanisha kazi niliyoiandika mwenyewe: mada moja kutoka kwenye muhtasari wa Kiswahili darasa la tatu, maswali yake, na maelezo mafupi kwa mwalimu. Muhtasari unapatikana bure kwenye tovuti ya TET. Kwenye usaili GPA hawakuigusa. Muda wote tulikuwa kwenye zile kurasa: kwa nini sentensi hii fupi, kwa nini picha imetangulia swali, mtoto asiyewahi kuona bahari atalijibuje swali la nne.

Mwalimu wa Bahi

Shukrani mkuu kwa mada. Nilikuwa najitolea kufundisha shule ya msingi huku Bahi nikisubiri ajira. Nikatuma maombi, wakanijibu kwa barua pepe na jaribio: sehemu ya muswada wa Maarifa ya Jamii, irudi kesho yake jioni ikiwa imehaririwa kwenye Word, kwa ile sehemu inayoonyesha kila ulichofuta na ulichoongeza.

Nilidhani wananipima tahajia. Nayo ilikuwepo: "kwasababu" limeunganishwa, herufi kubwa zimemwagwa ovyo. Hayo mtu yeyote makini anayaona. Mitego yenyewe ilikuwa kwenye maelezo. Muswada ulisema Tanzania ina mikoa 30, wakati tangu Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 mikoa ni 31, yaani 26 Bara na 5 Zanzibar. Mbele kidogo sayari zilikuwa tisa, na Pluto iliondolewa kwenye hesabu hiyo mwaka 2006. Kulikuwa na jedwali la mavuno ambalo jumla yake haikulingana na tarakimu za juu. Usipochukua kalamu ukajumlisha, huoni kitu.

Lakini kilichonipa nafasi, nilivyokuja kuambiwa, ni sentensi ambayo haikuwa na kosa hata moja la lugha: "Nchi yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika." Jamani, mtoto wa Bahi akisoma hiyo si ataona kitabu kinamtania? Huku msimu ni mmoja. Mvua zinaanza Novemba mwishoni au Desemba, zinakata Aprili, baada ya hapo ni vumbi na upepo mpaka mwaka uishe. Sikuifuta. Niliandika pembeni kwamba hiyo ni kweli kwa Pwani na kaskazini, lakini kanda ya kati na kusini wana msimu mmoja, hivyo mwandishi aulizwe kama atataja maeneo au ataongeza aya. Na kwa kuwa mifano yote ya mazao ilikuwa mahindi na ndizi, nikapendekeza mtama na uwele navyo viingie.

Mhariri aliniambia wapo waliofanya jaribio hilohilo wakaandika upya kurasa zote kwa lugha yao tamu, na hao ndio walioanguka. Muswada una mwenyewe. Kazi yako ni kuuliza, na ukisahihisha uwe na sababu ya kumweleza mwandishi.

Kwa hiyo wewe wa Kongwa, Manyoni au Mpwapwa usijione umechelewa kwa sababu hukukulia Dar. Unayoyajua ya huku ndiyo wanayoyakosa kule.

Alizeti Singida

Mimi niliwatumia wengi, kimya. Nikaona isiwe tabu, nikapiga simu. Dada wa mapokezi akaniambia barua pepe zenye kichwa "Maombi ya kazi" hazifunguliwi hata wiki nzima. Nikabadilisha: "Ombi la utarajali wa uhariri, Kiswahili msingi, kuanzia Julai." Mmoja akajibu. Alinikatalia, ila kistaarabu, akasema nijaribu tena miezi ya mwisho wa mwaka, wakati wanakimbizana na vitabu vya kuuza shule zikifunguliwa Januari.

Mtoto wa Majengo

Ndugu zangu, tusisifie tu. Mimi nafasi niliipata kwa mchapishaji mmoja, jina nalimeza. Kwa barua nilikuwa mhariri mtarajali. Kwa vitendo nilikuwa nachapa miswada ya mkono na kubeba maboksi ya vitabu kuyapeleka kwenye basi. Posho hakuna, nauli yangu, chai yangu. Siku ya kuondoka nikapewa barua inasema nimefanya "kazi mbalimbali za ofisi". Sasa hiyo unaipeleka wapi?

Ulizeni kabla ya kukubali: nani atanisimamia, nitapitia hatua zipi za kitabu, posho ipo au haipo. Na anayekuomba hela ya fomu au ya "kufungua faili", mwacheni na faili lake.

Zabibu Kavu

Pole sana ndugu, na asante kwa kulisema. Kwa waliokwisha kuhitimu, wajisajili pia TaESA, huduma za ajira za serikali. Wanaunganisha wahitimu na waajiri kwa utarajali, na makubaliano yanaandikwa. Si lazima wakupate na kampuni ya vitabu, lakini ukishampata mchapishaji aliye tayari, una pa kuanzia mazungumzo.

Kalamu Nyekundu

Nimekuwa nasoma kimyakimya, acha niseme la upande wa pili. Mimi ni mhariri wa vitabu vya msingi, niko Dar, na maombi haya huwa yananifikia mezani.

Barua ikianza na methali naiweka chini ya rundo. Samahanini, lakini ni kweli. Ikija na "mimi ni mchapakazi, mwadilifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo", nayo inaifuata. Hayo yote ameandika kila mtu. Anayenisimamisha ni yule anayesema: nimesoma kitabu chenu fulani cha hadithi, ukurasa wa 14 mchoro unaonyesha watoto watatu na maandishi yanasema wanne. Huyo namwita hata kama shahada yake ni ya Kilimo.

Kingine, jueni kitabu kinavyosafiri. Muswada unatathminiwa, unahaririwa maudhui, ndipo unahaririwa lugha, unakwenda kwa mchoraji na msanifu kurasa, prufu (nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa) inasomwa na kurudi tena na tena. Kitabu cha Kiswahili cha shule kinapita pia BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa ithibati ya lugha. Mtarajali kwa kawaida tunamwanzisha kwenye prufu na kulinganisha majibu na maswali. Wengi hapo ndipo wanapochoka. Wanataka kuhariri riwaya wakati nimewapa majibu ya mazoezi ya Hisabati darasa la tano.

Na msije usailini hamjui mtaala umebadilika. Utekelezaji wa mtaala mpya ulianza Januari 2024, na katika shule za msingi wa kwanza kuuanza ni awali, darasa la kwanza na la tatu. Kwetu hilo maana yake ni kupitia upya karibu kila kilichopo ghalani. Niliwahi kumuuliza kijana anakionaje kitabu cha zamani kwa mtaala mpya, akanijibu kwamba kiko vizuri, jalada linavutia.

Fizikia Ng'ong'ona

Kaka, mimi nasoma Fizikia na Hisabati. Hii mada inanihusu au niendelee kupita?

Kalamu Nyekundu

Wewe ndiye tunayekutafuta kwa tochi! Wa lugha tunao. Wa kuona kwamba mwandishi ametumia g (mchapuko wa mvutano) ya 10 kwenye mfano na 9.8 kwenye majibu ni wachache mno. Chukua kitabu cha mazoezi kinachouzwa, fanya sura moja yote wewe mwenyewe, linganisha na majibu ya nyuma. Ukikuta yanapishana, andika orodha, ambatanisha. Hiyo ndiyo barua yako.

Binti wa Kondoa

Naomba kuuliza, nikiitwa usaili Dar sina ndugu wa kufikia. Na barua ya chuo lazima iwe na jina la kampuni?

Mwalimu wa Bahi

Mdogo wangu, kwanza waombe usaili wa simu, jaribio wameshakupa kwa barua pepe, wengine wanakubali. Wakikataa, treni ya SGR ipo tangu 2024, ni mwendo wa kama saa nne au pungufu. Panda ya alfajiri, waombe wakupangie saa sita mchana, jioni unarudi. Tiketi ikate mapema, wikiendi zinajaa.

Barua ya chuo, kwangu walikubali iliyoandikwa "kwa yeyote anayehusika". Chukua nakala kadhaa zenye muhuri kabla ofisi ya fild haijaelemewa, maana karibu na mitihani foleni yake inafika nje.