Mchujo wa bolingi ya nyasi ni Jumamosi ijayo, na nahodha wangu mzee anapenda makombora. Nimwambieje?

Mkeka Mdogo:

Wadau, hamjambo. Nina shida ambayo mume wangu amechoka kuisikia, basi nimeileta kwenu.

Mimi ni karani wa hesabu, nina miaka 31, nakaa Dagoretti Corner. Mwaka juzi ofisi ilinituma kupeleka hundi katika klabu moja upande wa Ngong Road. Nikakuta wazee wamevaa nyeupe tupu, wanabingirisha matufe kwenye nyasi iliyokatwa ikawa kama zulia. Nikasema nitazame dakika tano. Simu ya bosi ilinikuta bado nimesimama pale, mkononi nina chai ya watu. Tangu siku hiyo Jumanne jioni na Jumamosi asubuhi nisitafutwe kwingine.

Kwa wasioujua mchezo: unasimama kwenye mkeka mdogo, unabingirisha tufe ili likalale karibu na kijitufe kinachoitwa jeki (si ile ya kuinulia gari). Tufe halijachongwa sawa pande zote, kwa hiyo likianza kuchoka linapinda. Hapo ndipo utamu na machozi vilipo.

Sasa kuna mchujo wa jozi, na jozi mbili za juu zinaendelea mbele. Nimeandikishwa pamoja na mzee mmoja wa miaka 74. Ndiye aliyenifundisha kushika tufe. Mimi natangulia, yeye ndiye nahodha, anacheza mwisho.

Shida ni hii. Jumamosi iliyopita kwenye mazoezi tulikuwa tunaongoza 12 kwa 9. Wapinzani walikuwa na tufe moja la karibu na jeki, halafu yanafuata mawili yetu. Yaani mawili yetu yaliwazuia, raundi ile tulikuwa tunapoteza pointi moja tu. Mzee amebakiwa na tufe la mwisho. Angelilaza polepole, au hata angelitupa kando, hakuna ambaye angelia. Yeye akavuta pumzi, akafyatua kombora (tufe la nguvu la kusambaratisha yaliyopo). Likayachota yale mawili yetu hadi kwenye mtaro wa ukingoni mwa uwanja, na lile la wapinzani likabaki limetulia kama ng'ombe kivulini. Tukapigwa nne kwa raundi moja, na mchezo tukaupoteza.

Nilinyamaza. Kwetu mzee hakatizwi, tena aliyekufundisha.

Kuna kijana wa rika langu pale klabuni ameniambia bado kuna siku mbili za kubadilisha majina, tucheze mimi na yeye. Anacheza vizuri, sitadanganya. Nifanyeje? Na kama kuna aliyewahi kuingia mchujo, anieleze siku yenyewe huwaje. Tumbo limeanza kunivuruga na ni Alhamisi tu.

Kijana wa Embakasi:

Dada, huo si mchezo, hiyo ni foleni ya pensheni.

Nyasi Fupi:

Mwacheni huyo wa Embakasi, hajawahi kuinama mara hamsini asubuhi moja.

Mimi nimetunza viwanja vya bolingi miaka 19, sijawahi kuingia mchujo hata mmoja lakini nimeitazama yote nikiwa nimeshika mpira wa maji. Sitakuambia lolote kuhusu mzee. Nitakuambia kuhusu nyasi, maana ndiyo inayowatoa watu wengi na hawajui.

Mchujo huanza asubuhi. Nairobi saa mbili asubuhi nyasi bado ina umande, hata kama hukuona mvua. Tufe likipita linaacha mstari wa maji nyuma yake. Nyasi ya namna hiyo ni nzito: inataka nguvu zaidi, na tufe linapinda kidogo. Kufikia saa tano jua limepiga, uwanja uleule umekuwa mwingine. Ukitupa kwa nguvu ya asubuhi unaingia mtaroni, na ukilenga palepale tufe linakatiza mbele ya jeki kama matatu inayokwepa polisi. Watu wanashinda mchezo wa kwanza, wanakunywa soda, wanarudi na mkono wa asubuhi. Ndio hao unaowaona wamefunga mabegi mapema.

Wenzetu wa Australia na New Zealand hupima uwanja kwa sekunde: tangu tufe liachwe mkononi hadi lisimame umbali wa mita 27 hivi. Likitumia sekunde kumi, uwanja ni mzito. Likitumia kumi na tano, ni mwepesi. Wengi hudhani ni kinyume. Uwanja mwepesi unakuruhusu uachie tufe polepole na liendelee tu kutambaa, ndiyo maana linakaa safarini muda mrefu na kupinda sana. Nenda na saa yako kwenye raundi za majaribio. Huwa mnapewa moja kwenda na moja kurudi, usizitumie kupiga gumzo.

Halafu niambie, matufe unayotumia ni yako?

Mkeka Mdogo:

Ni ya klabu, namba 4. Mara nyingine linanitoka vibaya, linayumbayumba kama yai.

Nyasi Fupi:

Nilijua. Lizungushie vidole: vidole gumba viwili vikutane upande huu, vidole vya kati upande wa pili, kwenye ule mzingo linapobingirikia. Visipokutana, hilo ni kubwa kwako. Omba namba 1 au 2 kesho, usingoje Jumamosi. Na hakikisha manne yote ni ya seti moja, alama zinafanana. Tazama pia duara dogo lililochorwa ubavuni mwa tufe liko upande gani kabla hujaachia. Duara dogo ndiko linakopindia. Nimeona watu wazima wakiligeuza vibaya, tufe likaenda kusalimia uwanja wa jirani, na kicheko chake hukisikii mwisho.

Shangazi wa Buruburu:

Mwanangu, mimi bolingi siijui, lakini hii ya kubadilisha jina siku mbili kabla naijua vizuri. Huyo kijana leo anakutoa kwa mzee wako, kesho atakutoa wewe kwa mwingine. Na klabu yenyewe ni ndogo, mtakutana kwenye lango kila Jumanne. Utampitia wapi?

Mzee akikuudhi, mpelekee neno kabla ya mchezo, si katikati. Na usiende mikono mitupu, mbebee hata maembe.

Barabara ya Juja:

Kwa heshima Shangazi, mimi sikubaliani. Mchujo ni mchujo. Nilikaa na mwenzangu wa mchezo wa dati (vishale) misimu mitatu kwa sababu ya huruma, tukawa tunatolewa raundi ya kwanza na kununuliana chai. Kama kijana ni bora, nenda naye, umwambie mzee uso kwa uso. Wazee wanaelewa kuliko tunavyowadhania.

Tepu na Chaki:

Nimekuwa mwamuzi wa mchezo huu muda mrefu. Kabla hujamwacha mtu naomba unijibu swali moja. Kabla mzee hajafyatua lile kombora, wewe ulikuwa umesimama wapi, na ulimwambia nini?

Mkeka Mdogo:

Nilikuwa kule kwenye jeki. Sikusema kitu. Nilinyoosha kidole kuonyesha lile tufe la wapinzani lililokuwa karibu.

Tepu na Chaki:

Basi ulimwonyesha shabaha, na akaipiga.

Sikulaumu, wengi wanaotangulia hufanya hivyo. Ila fikiria. Katika jozi, ukimaliza matufe yako manne unakwenda upande wa jeki, na nahodha anarudi mkekani. Kisheria jeki haiwezi kuwa chini ya mita 23 kutoka mkekani, na mara nyingi inapita 30. Kwa macho ya miaka 74, kutoka pale mzee anaona rundo la vitu vyeusi. Hajui lipi la nani, lipi liko mbele ya jeki na lipi nyuma. Wakati huo macho yake ni wewe. Nahodha ni yeye, lakini kwa yale matufe manne ya mwisho habari zote unazo wewe.

Ukitaka kujua uzito wa kusimama kichwani (ndivyo tunavyoita pale penye jeki), kumbuka Birmingham 2022. George Miller wa Uskoti alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola akiwa na miaka 75. Alikuwa mwongozaji wa mchezaji mwenye ulemavu wa macho, kazi yake ni kumweleza mwenzake kilichoko mbele. Na wewe wa Embakasi, mchezo huu umekuwa katika michezo hiyo tangu ya kwanza kabisa mwaka 1930, ukakosekana mara moja tu, 1966.

Sasa, usimwambie mzee «usifyatue». Hiyo ni kumfundisha kazi, na atafyatua kwa hasira. Mpe hesabu: «Yao ni moja. Mbili zinazofuata ni zetu. Nyuma ya jeki hatuna kitu.» Ukishasema hivyo nyamaza, umwache aamue. Nahodha mwenye akili akisikia kwamba mbili zinazofuata ni zake, mkono wenyewe unapoa. Hakuna utovu wa adabu katika kusema namba, nawe ni karani.

Lingine: raundi ya kupoteza moja si msiba. Mchujo hupotezwa kwa zile raundi za kupoteza nne au tano kwa mpigo. Ukiona kichwa kimewakalia vibaya, tufe lako la nne liweke nyuma ya jeki kama akiba. Jeki ikisukumwa, itakuja kwako.

Mambo madogo ya siku yenyewe: mguu mmoja, hata sehemu yake, uwe juu ya mkeka unapoachia. Tufe lako likigusa jeki likiwa bado safarini, hakikisha limetiwa chaki, maana hata likiishia mtaroni bado li hai. Mkibishana pointi, mtu asisogeze tufe lolote kabla ya tepu. Na viatu viwe na soli bapa.

Mkeka Mdogo:

Tepu na Chaki, nimesoma ujumbe wako nikiwa ndani ya matatu, nikajificha uso. Sijui kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

Nimempigia mzee. Sikumtajia kombora. Nilimwuliza tu: «Mzee, ukiwa mkekani unataka nikuambie nini?» Akanyamaza kidogo, kisha akasema huwa haoni vizuri likiwepo jua la mbele, na kwamba alidhani mimi ndiye sitaki kuzungumza naye. Kijana nimeshamwambia hapana. Matufe namba 2 nimepata, vidole vinakutana. Raba nyeupe nimetoa soko la Toi kwa mia tano, soli bapa kama chapati.

Shangazi wa Buruburu:

Na maembe?

Mkeka Mdogo:

Ana sukari, Shangazi. Nimempelekea parachichi.

Nyasi Fupi:

Leo Ijumaa mvua imepiga upande wa Ngong tangu saa tisa. Kesho asubuhi uwanja utakuwa mzito kweli. Ongeza mkono.

Mkeka Mdogo:

Wadau, nimerudi. Ni Jumapili, mapaja yananiuma hadi kushuka ngazi ni kazi.

Mchezo wa kwanza tulishinda 19 kwa 11. Nyasi Fupi, ilikuwa kama ulivyosema, matufe yalikuwa yanarusha maji. Wapinzani waliacha yao fupi karibu raundi nzima ya kwanza.

Wa pili ndio nitakaoukumbuka. Katikati ya mchezo tuko sare, wao wana moja ya karibu, na mzee amebakiwa na matufe mawili. Nikamwona anarudi nyuma kidogo, ile pumzi ya kombora nikaijua. Nikamwambia: «Mzee, yao moja. Yetu ya pili na ya tatu. Ya pili iko shibiri moja tu kutoka jeki.» Akasimama. Akaniuliza: «Shibiri yako au yangu?» Nikasema yangu. Akacheka, akainama, akalilaza. Lilikuja polepole sana hadi nikaanza kulisihi kwa sauti. Likapita katikati ya mawili, likaegemea jeki. Nikachora chaki mkono unatetemeka. Tulichukua moja raundi ile, na mchezo tukaushinda kwa nne.

Nusu fainali tulitoka. Mlango wa kutokea niliufungua mimi mwenyewe. Raundi ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi moja, na mimi ndiye niliyetangulia kurusha jeki. Jua limeshakausha uwanja, mimi nikaogopa isiende mtaroni, nikaibania. Wapinzani wakaomba ipimwe. Mita 22 na nusu. Kwa hiyo wakapewa jeki wao, wakaiweka mbali kabisa, umbali wanaoupenda, na mimi matufe yangu yote manne yakafia njiani. Wakachukua mbili. Ya pili tepu iliamua kwa upana wa kidole.

Mzee alinipeleka nyumbani na gari lake bila kusema neno hadi Dagoretti Corner. Nilijua nimemharibia. Nilipofungua mlango nishuke akaniuliza: «Umesema ilikuwa mita ngapi?»

«Ishirini na mbili na nusu, mzee.»

«Na mimi ndiye unayeniogopea makombora?»

Jumanne tunarusha jeki tu, hatugusi matufe.