Trela ya ekseli moja au mbili? Kazi za ujenzi Malindi

KijanaWaGanda
Assalam aleikum. Nataka kununua trela wiki hii, ya kubebea mikisa (mashine ya kuchanganyia zege), mbao za slabu na mchanga. Nimeona mbili. Moja ni ya ekseli moja, yaani tairi mbili, ya mtumba, bei nafuu. Nyingine ni ya ekseli mbili, imechomelewa hapa mjini. Nichukue ipi?

FundiGede
Waaleikum salam. Utaivuta na gari gani? Trela zenyewe zina breki? Mchanga kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu inakaribia tani 1.6, ukilowa unazidi. Kule Uingereza trela isiyo na breki haivuki kilo 750, pamoja na uzito wake yenyewe. Ukiipakia mchanga hadi juu umeiua.

KijanaWaGanda
Samahani fundi. Pikapu ya dabo kabini. Ganda hadi Watamu, mara mojamoja Marereni.

DukaMambrui
Kama Marereni imo, angalia chuma kwanza, ekseli baadaye. Upepo wa chumvi hauna huruma. Yangu ilikuwa ya chuma cha boksi, kile chenye uwazi ndani, nje rangi inang'aa. Siku moja nikasukuma bisibisi chini ya fremu ikazama hadi mpini, na kutu likamwagika kama unga. Chukua ya chaneli, chuma kilicho wazi upande mmoja, uione ndani na uioshe kwa maji yasiyo na chumvi.

DerevaSabaki
Mimi nasema ekseli mbili, na nina sababu. Tulitoka Mambrui na trela ya ekseli moja. Mikisa tuliiweka nyuma kabisa ili iwe rahisi kuishusha, tukaongeza mifuko 10 ya saruji nyuma ya tairi, hiyo ni kilo 500. Tulipokaribia daraja la Sabaki nikasikia usukani umekuwa mwepesi. Kwenye kioo naona trela inakwenda kushoto, inarudi kulia, kila mara zaidi. Nikakanyaga breki, ndiyo ikawa mbaya. Tuliishia kichakani, mifuko imepasuka, utingo anatetemeka. Alhamdulillahi hatukuumia. Tangu siku ile mzigo mzito nauweka mbele kidogo ya ekseli. Na nikiweza kuinua mkono wa trela, ule wa kuungia gari, kwa mkono mmoja, siondoki.

FundiGede
Pole sana ndugu yangu. Lakini hapo kosa ni la upakiaji. Ekseli mbili nayo ingeyumba, labda ingechelewa tu. Na kwenye vichochoro, ukikata kona kali, zile tairi nne zinakwaruzwa hadi zinaisha upande.

DerevaSabaki
Tairi ikipasuka kwenye ekseli moja utaniambia, fundi.

MwanaAmu
Huku kwetu Lamu trela inaishia Mokowe, bandarini upande wa bara. Mchanga na mawe vyapanda mashua, vikifika Amu mjini ni punda, vikapu viwili kila mmoja, hadi mlangoni. Hakuna beringi wala ekseli.

DukaMambrui
Punda naye ana kikomo, mwanangu. Nimewaona wenye vidonda mgongoni, na inaniuma sana. Huko mnapakia kilo ngapi?

MwanaAmu
Mama, hilo lategemea mwenye punda. Wa kwetu hapakiwi akiwa na kidonda, hata kama kazi imesimama.

FundiGede
Turudi kwa kijana. Hujasema kama zina breki. Na hiyo ya kuchomelewa ina karatasi? Trela ina nambari yake yenyewe, inayoanza na Z. Muulize muuzaji kabla hujatoa hata shilingi.

KijanaWaGanda
Naenda kuziona Jumamosi, nitabeba bisibisi. Mama wa Mambrui, ya chaneli naweza kuchomelewa wapi?