Tupeane uzoefu: usiku timu yako ilipochagua lainibeka ukatamani kuzima TV

BinTanga_DFW
Jamani leo kijana mmoja kazini kaniuliza mbona huwa siangalii drafti ya NFL na watu, yani ule usiku timu za mpira wa Kimarekani zinachagua vijana wapya kwa zamu, nikakumbuka mbali sana. Hebu tupeane. Mlikuwa wapi na mlisema nini siku timu ilipotaja jina la lainibeka (mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele) wakati hata mtoto mdogo anajua mnahitaji kitu kingine? Naanza mimi.

Aprili 2021. Sisi Cowboys wa Dallas tumetoka kwenye msimu wa 2020 ambao tulifungwa pointi 473, haijawahi kutokea kwenye historia ya timu, yani kila anayekuja anapita tu kama kwake. Tuko namba 10 na tunachoomba ni konabeki, mlinzi wa pembeni wa kuzuia pasi, basi, ama Patrick Surtain ama Jaycee Horn, yeyote. Nimealika watu, wife kapika pilau, mashemeji wametoka Fort Worth wamejaa sebuleni, mpira huu hawaujui wanauita mpira wa kukumbatiana. Namba 8 Carolina wakamchukua Horn. Nikasema poa, kabaki mmoja. Namba 9 Denver wakamchukua Surtain. Sebule kimya. Sasa hapo ndo penyewe, zamu yetu imefika, badala ya kuchagua tukawauzia nafasi Philadelphia!! Philadelphia hawa hawa, mahasimu wetu wa divisheni, wakapanda wakamchukua DeVonta Smith kiulaini, sisi tukashuka mpaka 12 na kupewa chaguo la raundi ya tatu kama chenji. Anatajwa nani? Micah Parsons, lainibeka wa Penn State, ambaye msimu wote wa 2020 alijitoa kwa ajili ya korona hakugusa mpira. Na malainibeka tunao, Jaylon Smith yupo, Vander Esch yupo! Nilipiga ukelele mpaka mtoto wa shemeji akaamka analia, nikatoka nje nikawa nazunguka gari tu kwenye parking bila sababu. Shemeji mkubwa akanifuata na sahani ya pilau, "pole shem, kwani umefiwa?"

mnyama_wa_texas
Ile kuwauzia Philly ndo iliniua mimi. Parsons nilikuja kukubali baadaye, ile biashara mpaka leo sijakubali.

Kasongo_GR
Bin Tanga ndugu yangu, sasa ngoja nikuambie ya Lions wa Detroit. Mimi niko Grand Rapids, 2023 nilikuwa kazi ya usiku kiwandani, drafti tunaangalia kwa simu wakati wa break, wakongomani sita na mzungu mmoja. Namba 12 wakachukua mkimbiaji, Gibbs. Watu wakaguna, sawa. Namba 18 wakachukua Jack Campbell lainibeka wa Iowa. Yule mzungu akavua kofia ya Lions akaiweka kwa pipa la taka, kabisa, na akarudi kwa mashine yake bila kusema neno. Wataalamu wote kwa TV wanasema hizo ni nafasi ambazo hauchukui mapema hivyo, unachukua raundi ya pili ya tatu.

Sasa niko na shangazi yangu Waterloo, Iowa, mpira hajui hata rangi yake. Saa hiyo hiyo anapiga simu anapiga vigelegele, kumbe Campbell ni mtoto wa Cedar Falls, pale jirani nao kabisa, wenzake wa kazi wote wanashangilia na yeye akashangilia. Ananiambia "mmepata mtoto mzuri, wa familia ya heshima." Nikasema shangazi sisi hatuoi, tunatafuta mtu wa kumuangusha kwotabeki, yule anayerusha mipira!

Na msimu huo huo tukachukua ubingwa wa divisheni, wa kwanza tangu 1993. Kofia mzungu alikuja kununua mpya.

CheeseheadKisumu
Lions na ubingwa wa divisheni 😂 na ile fainali ya NFC, nusu moja ya ligi, mlikuwa mnaongoza 24-7 hafutaimu mkafungwa na 49ers 34-31, hiyo husemi?

Kasongo_GR
Wewe wa Green Bay Packers nyamaza. Lainibeka wenu Quay Walker, wa raundi ya kwanza 2022, alitolewa uwanjani mara mbili msimu wake wa kwanza. Mara ya pili ilikuwa na sisi, kwenye uwanja wenu wa Lambeau, kamsukuma mtu wa huduma ya kwanza anayeenda kumtibu mchezaji wetu. Tukawafunga 20-16 mkakosa mtoano. Kwotabeki wenu Aaron Rodgers hakuvaa tena jezi yenu.

CheeseheadKisumu
Alikuwa kijana mdogo, alilia akitoka uwanjani, muwe na utu. Na nyie hata mtoano wenyewe hamkuingia mwaka huo.

Lakini niseme ukweli ile drafti iliniuma. Hapa Kenya ikianza ni saa tisa usiku, nimeamka, nimechemsha chai, tumemuuza Davante Adams kwa hivyo tunataka mpokeaji, mtu wa kudaka pasi, kila mtu anasema mpokeaji. Namba 22, lainibeka. Nikazima nikalala, asubuhi boss ananiuliza mbona macho mekundu.

DadaWaSteelers
Nyie wote mnacheka. Sisi 2019 tulipanda kutoka 20 mpaka 10 kumfuata Devin Bush, maana tangu lainibeka wetu Ryan Shazier aumie mgongo 2017 pale katikati palibaki shimo. Siku ile tulishangilia hadi jirani akagonga ukuta. Oktoba 2020 goti likaenda, na hakuwa yule tena. Kwa hiyo kununa au kushangilia, yote sawa tu.

mnyama_wa_texas
Pole dada. Shazier bado inauma hata sisi tusio wenu.

MamaMika
Mimi sina timu ila nina ya kusema. Mume wangu ni wa Cowboys, wale wa kuongea na TV. Desemba 2021 nikajifungua kidume, baba akasema tumwite Mika. Nilifurahi jamani! Mwanaume ambaye kanisani anasinzia leo anachagua jina la nabii. Mama mkwe kule Moshi akalia kwenye simu, mchungaji siku ya kumweka wakfu akahubiri Mika 6:8 yote, kutenda haki na kupenda rehema, mume wangu anaitikia amina kubwa kuliko watu wote. Tumerudi nyumbani anatoa kajezi kadogo namba 11 ka Micah Parsons, ndo nikajua nabii mwenyewe ni yupi.

Nikanyamaza. Agosti 2025 napika, nasikia kitu kimeanguka sebuleni, nikajua presha. Kumbe Dallas wamemtoa Parsons kwenda Green Bay, wamepewa machaguo mawili ya raundi ya kwanza na mtu anaitwa Kenny Clark. Chakula hakula. Usiku ananiambia tuanze kumwita mtoto jina lake la pili.

BinTanga_DFW
Mama subiri kwanza 😭😭 mume wako namfahamu kweli mimi?

CheeseheadKisumu
Mama huyo mtoto ni wetu sasa, mleteni Wisconsin.

mnyama_wa_texas
Thread imeshachukuliwa hii. Mama Mika leta mrejesho, mama mkwe anajua?

mtaalam_wa_sofa
Mi nasema hivi, Bin Tanga alikuwa sahihi siku ile. Surtain ndiye beki bora wa mwaka 2024 ligi nzima. Parsons hiyo tuzo hana. Konabeki ndo ilitakiwa.

mnyama_wa_texas
Surtain alichukuliwa namba 9, Dallas walikuwa 10. Ungemtoa wapi, Kariakoo?

mtaalam_wa_sofa
Wangepanda.

mnyama_wa_texas
Parsons msimu wa kwanza kamlaza kwotabeki mara 13 na tuzo ya chipukizi bora wa ulinzi kabeba. Acha ubishi.

BinTanga_DFW
Bado nasema tulihitaji konabeki.

Kasongo_GR
Dawa ni moja, drafti soma asubuhi kama gazeti.

DadaWaSteelers
Hapana, angalia live ila usialike mashemeji. Na jezi nunua ya mchezaji aliyestaafu, huyo hauzwi.

CheeseheadKisumu
Au fanyeni kama sisi tuliomshangilia Daniel Adongo Colts. Mkenya, katoka raga, 2013 akawa lainibeka, na wala hakudraftiwa. Hakuna drafti hakuna presha. Hakudumu sana lakini mtaani kwetu kila mtu ghafla alikuwa wa Indianapolis.

MamaMika
Nimerudi. Mama mkwe hajui na hatajua. Jina tumeacha Mika, nimekataa kata kata. Ile mechi ya Septemba 2025 Green Bay walipokuja Arlington, kwa Cowboys, mume wangu hakujua amshangilie nani, ikaisha 40-40, akasema Mungu yupo. Shida iliyobaki ni kajezi, mtoto analilia kukavaa na baba anakaficha.

CheeseheadKisumu
Mama usitupe. Huku kwetu Parsons anavaa namba 1, bandua moja ibaki moja.

MamaMika
Na ile bluu ya Cowboys?

mnyama_wa_texas
Hiyo mpelekee fundi 😂