Bamia zimedumaa na zinanyauka mchana ingawa namwagilia

Mkazi wa Buswelu
Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba ushauri kuhusu bamia nilizopanda nyuma ya nyumba, katika udongo wetu wa kichanga wa hapa Mwanza. Mbegu ziliota vizuri, lakini miche ilipofika urefu wa goti ilidumaa, majani ya chini yakageuka njano, na kila siku jua likipanda inanyauka ingawa namwagilia asubuhi na jioni. Usiku ukiingia inanyanyuka tena. Nimeongeza mbolea ya kuku bila kuona mabadiliko. Msimu uliopita tuta hilo lilikuwa na nyanya. Je, tatizo ni maji, mbolea au ugonjwa?

Bwana shamba mstaafu
Ndugu, kabla ya kumwaga ndoo nyingine, chimbua mche mmoja kwa koleo, kwa maana ukiung'oa kwa mkono mizizi midogo itabaki ardhini, kisha uuoshe na uutazame. Ukikuta mizizi yenyewe imevimba mafundo mafundo, hao ni minyoo fundo, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni wanaoshambulia mizizi, ambao hustawi katika udongo wa kichanga wenye joto, na nyanya za msimu uliopita ndizo zilizowalea. Usiyachanganye na vifundo vya kunde, ambavyo hukaa pembeni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha, haya hayabanduki. Mzizi ulioharibika haupandishi maji kwa kasi ambayo majani yanayapoteza juani, ndiyo maana udongo unaweza kuwa umelowa na mmea ukawa na kiu.

Miche hiyo haitibiki. Ichimbue yote na uichome, wala usiitupe kwenye shimo la mboji. Tuta lipe karanga au vitunguu. Biringanya na matango yatawalisha minyoo hao upya. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, lowesha udongo, ufunike kwa nailoni angavu (nyeusi haifanyi kazi vizuri hivyo), uzibe kingo na uiache wiki 4 hadi 6. Joto litawapunguza, ingawa halitawamaliza.

Mama Bustani, Kisesa
Nakubaliana na mzee, ila hiyo mbolea ya kuku nayo punguza, kwa sababu naitrojeni ikizidi bamia huota majani mengi na kuchelewa kuzaa. Sisi wa Usukumani tukumbuke pia kwamba bamia ni ya ukoo mmoja na pamba, hata maua yanafanana, kwa hiyo usiipande jirani na shamba la pamba, ambako funza wa vitumba na kangambili watahamia kwako. Utakapoanza upya mahali pengine, loweka mbegu usiku mmoja na uzipande moja kwa moja shambani, kwani mzizi mkuu wa bamia hauvumilii kuhamishwa. Acha sentimita 30 kati ya shina na shina na 60 kati ya mistari.

Mkazi wa Buswelu
Nawashukuru. Nimechimbua miche miwili na mafundo yapo kama mlivyoeleza. Je, naweza kupanda kwenye viroba wakati tuta linapumzika?

Bwana shamba mstaafu
Unaweza, mradi udongo wa viroba usitoke kwenye tuta hilo, na jembe ulioshe kwanza, kwa kuwa minyoo husafiri na udongo ulioganda kwenye chuma. Chagua viroba virefu, utoboe matundu chini.