Naomba ushauri: ngozi ya kujalidia vitabu vya maktaba isiyogeuka unga

Mwanajuzuu: Habari wakuu. Nina juzuu 60 za maktaba, za miaka ya 1890 hivi. Migongo inaacha unga mwekundu mikononi. Muuzaji ana ngozi laini ya kondoo kwa bei nafuu, ya mbuzi bei mara mbili, na ya ng'ombe ya kushonea viatu. Nichukue ipi?

Bawaba: Ya kondoo achana nayo. Katikati yake kuna mafuta mengi, kwa hiyo tabaka la juu halishikani na la chini. Kitabu kikifunguliwa mara kwa mara linabanduka kama ganda la kitunguu. Chukua ya mbuzi, unene milimita 0.8 hadi 1. Kwenye mkunjo wa jalada usiichonge ikawa karatasi, maana nyuzi zenye nguvu ziko upande wa nyama (wa ndani, usio na manyoya), huko huko unakochonga.

Ila mnyama ni nusu ya swali. Uliza ilitengenezwa kwa tanini gani, yaani dawa ya mimea inayoifanya ngozi mbichi isioze. Ya magome ya miwati, ile inayolimwa Njombe, hunasa gesi ya salfa hewani, ikageuka asidi ndani ya ngozi. Huo unga wako chanzo chake ndicho hicho. Tafuta ya majani ya mti wa sumaki (si sumaku!).

Mwanajuzuu: Muuzaji hajui lolote kuhusu tanini.

Tone Moja: Basi pima mwenyewe. Kwangua nyuzi chache upande wa nyama, ziweke kwenye kigae cheupe, lowesha kwa tone la maji, kisha tone la feri kloridi ya asilimia 1. Mafundi redio wanayo ya kuchonga saketi, lakini ni kali, izimue kwanza. Ikigeuka bluu-nyeusi, ni ya kundi la sumaki, nunua. Kijani-nyeusi ni miwati na ndugu zake. Ngozi iliyokwisha kutiwa rangi nzito itakudanganya.

Ya viatu, ukingo uliokatwa ukiwa wa samawati-kijivu, ni ya kromu, yaani ilitengenezwa kwa chumvi za metali badala ya tanini. Asidi haiisumbui, ila haikubali kukunjwa kwenye kona, na herufi za chuma cha moto hazikai.

Bawaba: Na usizibandue zote 60! Mgongo ambao bado umeshika, upake haidroksipropili selulosi (dawa ya kushikisha unga wa ngozi) asilimia 2 katika ethanoli, kwa brashi laini. Gundi ya unga wa ngano isiguse ngozi hiyo ya zamani: maji huifanya nyeusi na ngumu, na hairudi. Mafuta ya kupaka pia hapana, hayaondoi asidi, yanakusanya vumbi tu.

Zinazoazimwa kila siku zijalidi kwa kitambaa.

Mwanajuzuu: Ethanoli ya maabara, au hata spiriti ya dukani?

Tone Moja: Ya maabara. Ya dukani mara nyingi ina maji na rangi.