AC ya ofisini: mmoja atetemeka, mwengine atoka jasho

BintiMalindi
Asalaam aleykum wenzangu. Nitaeleza kwa urefu maana imenifika hapa.

Ofisi yetu iko Lamu Road, Malindi, ghorofa ya pili. Chumba kimoja, watu watano, AC moja. Meza yangu iko chini yake kabisa, upepo wanipiga shingoni tangu saa mbili asubuhi. Mwenzangu, tumwite Bakari, yuko dirishani upande wa magharibi, na ikifika saa nane jua lote liko kiooni kwake. Yeye huiweka digrii 16. Nikipata nafasi naipandisha 25. Akitoka msalani anaishusha. Mwezi uliopita rimoti ilipotea siku mbili, kumbe mtu kaitia mkobani kaenda nayo kwao. (Mtu huyo ni mimi. Nakiri hapa kwa sababu hamnijui.)

Sasa ni kaskazi, nje digrii 31 na fukuto juu yake, nami nashuka kwenye tuktuk nimebeba sweta. Dereva kaniuliza kama naenda Limuru. Mezani nina leso mbili, moja ya miguu na moja ya mabega, nakaa kama mzazi aliye ndani ya arobaini. Saa saba nikitoka kula, joto lanivaa. Nikirudi ni chafya mtindo mmoja.

Bakari hoja yake ni moja: "Wewe waweza kuongeza leso, mimi nivue nini?" Mkubwa wetu akasema tuweke 22 yaishe. Tumeweka. Mimi bado baridi, Bakari bado jasho.

Na msinijibu kuwa ni mambo ya wanawake na wanaume. Bi mkubwa wa hesabu ana miaka 52, joto humpanda ghafla, na kura yake iko kwa Bakari. Kwenu mumekubaliana ngapi?

Fundi wa Baridi
Dada, kazi yangu ni AC, Malindi na Watamu. Ugomvi huu naitwa kuuamua kuliko ninavyoitwa kutia gesi.

Ukitoa zile za inverta, ambazo kompresa yake hubadili mwendo, 16 haipoozi chumba haraka kuliko 24. Kompresa huzunguka kwa nguvu ile ile, tofauti ni itasimama lini. Ukiandika 16 na jua liko kiooni, haisimami kabisa, ndio wapigwa upepo kutwa na tokeni za umeme zaliwa. Halafu ile namba ni joto la pale juu ukutani, kwa kuwa kwa mashine nyingi sensa iko ndani ya mashine yenyewe. Si joto la meza yako wala la Bakari. Mwagombania namba ambayo hakuna aliyeikalia.

Yale mapezi ya kuelekeza upepo yainue yatazame dari. Hewa baridi ni nzito, itashuka polepole bila kukushika shingo. Na chujio zimeoshwa lini? Fungua kifuniko utizame, kisha uje utwambie.

Mzee wa Amu
Mwanangu, msimuonee huyo Bakari. Kinachomchoma si hewa, ni kile kioo. Jua la alasiri likikupiga ubavuni waungua hata chumba kikiwa kimepoa.

Mimi nilikuwa karani Amu, ndani ya nyumba ya kale. Kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko juu, madirisha yatazama kiwanda, yaani ua wa ndani, jua halina pa kupita. Sisemi hatukutoka jasho; karatasi zilinata mkononi. Lakini hatukugombana, maana rimoti haikuwako. Siku hizi mtu ajenga vioo pande zote, kisha alaumu AC.

Ziba jua upande wa nje ikiwezekana, kwa makuti au mkeka. Likishapita kioo, joto limekwisha kuingia. Na huyo mkubwa wenu avaa nini? Japani mwaka 2005 serikali yao iliwaambia watu wavue tai na koti wakati wa joto, AC za ofisini ziwekwe digrii 28.

Mama Wawili
Umesema tusilete ya wanawake na wanaume, naileta kidogo tu. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi, Kingma na van Marken Lichtenbelt, walionyesha kuwa hesabu ya kupangia joto la ofisi ilikadiriwa kwa mwili wa mwanamume wa miaka 40, kilo 70. Mwili wa mwanamke kwa kawaida hutoa joto pungufu ya hapo. Ila kwetu anayevaa jaketi ni kijana wa kiume, mwembamba kama ufito, kwa hivyo sijui mwampeleka wapi.

Sisi tuko 26, na wa jasho wamepewa feni za meza. Feni haipoozi hewa, yakausha jasho, na kwa unyevu huu wa pwani jasho halikauki lenyewe.

BintiMalindi
Narudi. Fundi, hizo chujio usiniulize. Maji yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria la kuni.

Mapezi yametazama dari. Nje hatukuweza kuziba, mwenye nyumba kakataa, basi Bakari katundika kikoi chake kuukuu kwa ndani. Si kizuri lakini jua limepungua makali. Tuko 25, siku ya nne leo. Bakari ana feni, bi mkubwa ana feni, risiti zake zikapeperuka hadi kwangu, sasa azikandamiza kwa chupa ya maji. Mkubwa hajavua tai. Rimoti imefungwa uzi kwenye mguu wa meza yake.

Sweta nimeirudisha nyumbani, leso imebaki moja. Jana saa tisa Bakari akasema kwa sauti ya chini, "Hii feni yanikausha macho." Nikajifanya sikusikia.