Naenda maonyesho ya treni Dortmund: nikague nini kabla ya kununua injini za treni za mfano za HO?

KilindiniHO

Salaam wakubwa. Aprili nitakuwa Ujerumani na siku moja nitaingia Intermodellbau, maonyesho ya vitu vya mfano pale Westfalenhallen, Dortmund. Huku Tudor, Mombasa, nina reli za HO za kawaida (treni za mfano za kipimo cha 1:87), umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja, wa volti 12, sina dijitali, ule mfumo wa kuongoza kila injini kwa ishara zake. Natafuta injini moja au mbili za dizeli na mabehewa manne ya abiria, hata yakiwa mitumba. Nikague nini pale mezani? Nitajuaje kama chombo kitakubaliana na reli zangu? Na kikifika Mombasa, nikitunze vipi na hewa hii ya chumvi? Pembeni ya njia yangu kubwa nawaza kuweka kipande cha reli ya zamani, ile yenye nafasi ya mita moja kati ya reli, kwa hiyo mwenye ushauri juu ya hilo pia naomba.

FundiTononoka

Anza na umeme, rangi na urembo baadaye.

Ujerumani ndiko kwao Märklin, kampuni ya treni za mfano, na HO yao haiendi kwenye reli zako. Kipimo ni kilekile 1:87 na nafasi kati ya reli ni ileile milimita 16.5, ndiyo maana watu hunasa. Märklin hupitisha umeme kwenye vijipini vilivyo katikati ya mataruma na kuurudisha kwa reli zote mbili pamoja. Magurudumu ya kushoto na kulia kwa hiyo hayajatengwa. Ukiyaweka kwenye njia ya DC unapata shoti papo hapo. Ipindue injini: ukiona chuma kirefu kama kiatu kimelala tumboni, mrudishie mwenyewe. Mabehewa yao yana tatizo hilohilo, ila hayo hupona kwa kubadilisha ekseli tu.

Roco, Piko na Brawa hutengeneza injini ileile kwa mifumo yote miwili, kwa hiyo jina la kampuni halikutoshi. Kwenye boksi tafuta DC au alama ya =, na ukiona AC au ~ (mfumo wa Märklin) achana nayo. Trix ya siku hizi ni nyumba moja na Märklin lakini ni ya reli mbili, hiyo chukua. Kwa mitumba usiamini boksi, maana maboksi hubadilishwa. Amini tumbo la injini.

Jambo la pili ni dekoda, kile kisahani cha elektroniki ndani ya injini kinachopokea amri za dijitali. Kwako kinachofaa zaidi ni injini ya DC yenye soketi tupu iliyozibwa kwa plagi yake (NEM 652 ya pini 8, au PluX22; NEM ni viwango vya Ulaya vya treni za mfano). Inatembea leo kwa DC, na siku ukihamia dijitali unachomeka dekoda bila kushika chuma cha kulehemu. Injini yenye dekoda tayari huenda ikatembea kwa DC, lakini itachelewa kuanza, na kama uwezo huo umezimwa kwenye CV29 (mpangilio mmojawapo ndani ya dekoda) haitasogea kabisa. Mwambie muuzaji auwashe mbele yako.

Sasa kuipima. Beba betri ya volti 9 na nyaya mbili fupi. Gusisha waya mmoja magurudumu ya kushoto na mwingine ya kulia, injini ikiwa chali mkononi. Lakini hilo linakuonyesha tu kwamba mota ni hai. Omba iwekwe kwenye reli ya majaribio ya muuzaji na uitazame ikienda polepole kabisa, mbele na nyuma. Mwendo wa kasi huficha ugonjwa.

Ukisikia "tik" moja kila gurudumu likizunguka, gia ya plastiki kwenye ekseli imepasuka. Injini za zamani za Athearn na Bachmann zinajulikana kwa hilo. Gia mpya ni bei ndogo, ila uhakikishe bado inauzwa. Mota ikinguruma bila kuzungusha, mara nyingi ni grisi iliyoganda. Hiyo isikutishe, husafishika, na unaweza hata kuombea bei ipungue. Kisichotibika ni fremu ya aloi ya zinki iliyooza: utaiona imevimba, imepinda, ina nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Hata ikitembea vizuri siku hiyo, usinunue.

Kagua pia mipira ya magurudumu. Ikikauka injini huteleza. Nakili namba ya bidhaa iliyo kwenye boksi na ununue mipira ya akiba palepale, kwa sababu Mombasa hutaipata.

BintiMakupa

Fundi amemaliza upande wa injini. Kaka, nikuongezee ya mabehewa, maana hapo ndipo pesa hupotea kimyakimya.

Behewa la Kijerumani la mita 26.4 kwa 1:87 kamili ni sentimita 30.3. Viwanda vingi viliyafupisha yaweze kupita kwenye kona kali, ndiyo unakuta ya milimita 264, ya 282 na ya 303 kwenye meza moja. Ukichanganya, treni inaonekana imeokotwa huku na huku. Chagua urefu mmoja ubaki nao. Kama kona zako ni za nusu kipenyo cha milimita 360, usiguse ya 303: yataning'inia nje ya reli na kugonga kila kitu cha pembeni. Beba rula.

Kwa viunganishi, hakikisha behewa lina kijimfuko cha kiunganishi cha kiwango cha NEM 362, ili uweze kuchomoa kiunganishi na kuweka cha aina nyingine bila kukata kitu.

Hewa ya kwetu sasa. Joto lenyewe si adui mkubwa. Reli ya mita 1 ikipanda nyuzi 10 huongezeka takriban milimita 0.17, kwa hiyo ukiacha mwanya wa nusu milimita kila mita unatosha. Kinachoharibu ni unyevu kwenye ubao. Plaiwudi ikipakwa vanishi upande wa juu peke yake, upande wa chini hunywa unyevu wakati wa masika na ubao hupinda. Paka juu, chini, na hasa kingo zilizokatwa.

Reli za chuma zitashika kutu hapa, hata zikiuzwa bure usibebe. Chukua zilizoandikwa Neusilber, yaani aloi ya shaba, nikeli na zinki. Kuzisafisha, acha msasa kabisa, kwa sababu mikwaruzo hukusanya uchafu. Tumia kitambaa cha pamba na waiti spiriti ya maduka ya rangi, umeme ukiwa umezimwa na madirisha wazi, na usubiri ikauke.

Injini ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli. Sponji ya zamani ya boksi itoe, kwa sababu ikizeeka hugeuka gundi na kung'oa rangi.

KilindiniHO

Shukran sana nyote. Waiti spiriti badala ya spiriti ya hospitali, kwa nini? Na ile reli ya zamani?

BintiMakupa

Spiriti ya hospitali mara nyingi huwa na viongezo vinavyoacha utando. Waiti spiriti hukauka bila kuacha mabaki yanayovuta cheche kati ya gurudumu na reli, na cheche hizo ndizo huleta ule weusi.

Shedi_Changamwe

Ya reli ya zamani nijibu mimi. SGR ina milimita 1435 kati ya reli. Gawanya kwa 87 upate 16.5, yaani HO yako hasa. Reli ya mita moja ukiigawanya inakuja 11.5, na kiwanda huiweka kwenye 12. Mfumo huo unaitwa H0m. Dortmund tafuta Bemo kwa injini na mabehewa, na Tillig kwa reli. Zingatia: TT, aina nyingine ya treni za mfano, nayo hutumia milimita 12 lakini kipimo chake ni 1:120, kwa hiyo behewa lake likisimama kando ya HO linaonekana la watoto. Mataruma ya TT nayo ni madogo na yamesongamana, usiyanunue kwa sababu ya bei.

Mali nyingi ya Bemo ni treni za milima ya Uswizi. Garratt za daraja la 59, injini za mvuke zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zile 34 za kiwanda cha Beyer Peacock, usitarajie kuzikuta mezani. Anza na mabehewa ya mizigo ya H0m, ambayo ukiyapaka upya yanakaribia ya huku, na mita mbili za reli. Pointi moja, yaani kipande cha kugawanya njia, inatosha kwa kuanzia. Vyote hivyo vibebe kwenye begi la mkononi, vikiwa juu ili askari wa uwanja wa ndege avifungue bila kuchokora, na bisibisi zako ziende kwenye mzigo wa chini.